Yaya, nyongeza ya mshahara unaiomba lini?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni yaya, niko na hii familia mwaka na nusu sasa, silali kwao, naenda asubuhi narudi kwangu. Naanza kazi tulikubaliana mtoto mmoja, saa 1 asubuhi mpaka saa 11 jioni, siku sita kwa wiki. Sasa mama mtoto kabadilisha kazi, anarudi saa 2 usiku, kwa hiyo kumwogesha mtoto ni mimi, kumlisha mimi, kumlaza mimi, na chakula cha usiku cha nyumba nzima napika mimi. Halafu juzi kaniambia ana mimba ya miezi mitano. Mshahara uleule. Naogopa kuomba maana ni watu wazuri kweli, nisije nikaonekana nina tamaa. Dada yangu anasema nisubiri mtoto azaliwe wajionee wenyewe kazi ilivyo. Nisubiri? – Yaya wa Mtoto Mmoja (kwa sasa)*

Marahaba mwanangu. Usisubiri, na dada yako mwambie nimekataa.

Nyumba yenye kichanga cha wiki mbili hakuna mtu anakaa chini kuongea mshahara. Mama hajalala, baba hajalala, hela imeisha kwenye mambo ya uzazi, na wewe utakuwa umeshaanza kumbeba huyo mdogo huku mkubwa anakuvuta nguo. Ukishafanya kazi ya watoto wawili mwezi mzima kwa bei ya mmoja, hiyo ndo inakuwa bei. Hakuna aliyekudhulumu hapo, watu wanazoea tu, na wewe mwenyewe unazoea. Lakini sasa hivi mimba ina miezi mitano na wako kwenye kupanga, nani atakaa na mtoto, mama atarudi kazini lini, na katika hizo hesabu zao zote jina lako lipo. Huu ndo muda wako. Nyongeza inaombwa pale kazi inapobadilika au inapokaribia kubadilika, kabla mabadiliko hayajakaa yakaonekana ni kawaida. Hii ya mvumilivu hula mbivu kwenye mshahara mimi sijaiona ikifanya kazi.

Halafu una mambo mawili hapo na umeyachanganya. La mtoto anayekuja ni la mbele. La masaa limeshatokea, na hilo ndo la kuanzia. Hebu piga hesabu na mimi, saa 1 mpaka saa 11 ni masaa 10, saa 1 mpaka saa 2 usiku ni masaa 13. Matatu zaidi kila siku, mara siku sita, 18 kwa wiki. Yani ni karibu siku mbili nzima za zamani, unafanya wiki ya siku nane kasoro kidogo na unalipwa ya siku sita! Masaa yamepanda asilimia 30, mshahara asilimia sifuri. Hiyo tamaa unayoiogopa mimi siioni hapa, naona deni. Na kupika kwa ajili ya watu wazima wenyewe sijakuhesabia bado, maana wewe uliajiriwa kulea mtoto.

Namna ya kusema sasa. Usimvizie mama mlangoni anaingia na mkoba begani, atakujibu chochote ili akae. Wala usimtumie meseji ndefu ya WhatsApp saa nne usiku, hiyo inasomwa na hasira hata kama hukuiandika na hasira. Omba muda kabla, "Mama, Jumamosi naomba dakika chache na wewe na baba, nataka tuongee kuhusu kazi." Na wawepo wote wawili, hili nasisitiza, ukiongea na mmoja huyo anageuka mjumbe wako, na "ngoja nitamwambia baba" zimezikwa nyingi sana.

Mkikaa anza na makubaliano ya mwanzo. "Tulipoanza tulikubaliana mpaka saa 11, mtoto mmoja. Siku hizi natoka saa 2 na chakula cha usiku napika. Naomba tuangalie mshahara uendane na hii kazi ya sasa, na mtoto akija tukubaliane kabla itakuwaje." Halafu taja kiasi. Taja kabisa, kwa mdomo wako, mwajiri akiachiwa akisie atakisia chini. Kabla ya hapo ulizia mayaya wengine wa eneo lako wenye kazi kama yako wanapata ngapi ili usitaje kitu cha hewani. Ukishataja nyamaza. Usianze kujipunguzia mwenyewe kabla hata hawajafungua mdomo, najua mtafanya hivyo wengi, ule ukimya unatisha.

Kodi ya nyumba, ada za watoto wako, mgonjwa nyumbani, hayo usiyalete kwenye hiki kikao. Sio kwamba hayana maana. Ukiyaleta wanasikia mtu anayeomba msaada, na msaada unatolewa mara moja unaisha, wakati mshahara unaingia kila mwezi. Na usitishe kuondoka kama huna pa kwenda.

Wakisema "tutaangalia", uliza kwa upole mpaka lini, mkubaliane tarehe. Wakisema hela hamna, inawezekana ni kweli bwana, sio kila mwajiri ni tajiri, basi omba masaa yarudi kama zamani au chakula cha usiku kitoke kwenye orodha yako, au upate siku moja zaidi ya kupumzika. Chochote mtakachokubaliana kiandikwe, hata meseji fupi ya "asante, kama tulivyoongea leo..." inatosha, siku ya ubishi utanishukuru.

Na kwa wale ambao kazi haijabadilika chochote, mara moja kwa mwaka inatosha, ukitimiza mwaka unaomba. Mshahara uliosimama ujue haujasimama, unashuka. Kama mwaka jana ulikuwa 100 na bei za vitu zimepanda asilimia 8, ile 100 yako leo inanunua vitu ambavyo mwaka jana ungevipata kwa kama 93 hivi. Umepunguziwa mshahara na hakuna aliyekuambia.

*Shangazi mimi niko upande wa pili. Yaya wetu ana miezi minne tu, kaomba nyongeza, sababu eti yaya wa jirani anapata zaidi. Mume wangu anasema tumtoe. – Mama Wawili*

Mumeo atulie kwanza. Kuomba sio kosa la kufukuzwa mtu, na akiondoka atakayelia usiku kumtafuta ni mwanao, sio mumeo.

Miezi minne ni mapema, nakubali, KAMA kazi ni ileile mliyomwambia siku ya kwanza. Sasa jiulize kwa ukweli, ni ileile? Nguo za nani anafua? Wale wageni waliokuja wakakaa, nani aliwahudumia? Ukiona hamjaongeza kitu mwambie wazi kwamba mshahara mtauangalia akitimiza mwaka, na ikifika mkumbushe wewe kabla hajaomba. Na huyo wa jirani usimdharau haraka hivyo, ulizia analea wangapi na anatoka saa ngapi, kama ni kazi ileile na anapata zaidi basi yaya wako anajua bei kuliko wewe.

*Naishi kwa mabosi. Nikiomba nyongeza naambiwa nakula bure nalala bure. – Wa Ndani*

Chakula na kitanda vilikuwepo siku unaajiriwa, vimeshahesabiwa kwenye ule mshahara mdogo wa mwanzo, hawawezi kukuuzia mara mbili. Kuna Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, ni wa wafanyakazi wa nyumbani kama wewe. Unasema ulipwe fedha, angalau mara moja kwa mwezi, na kama kuna sehemu inalipwa kwa vitu iwe ndogo, uwe umekubali, na thamani yake iwe ya haki. Mapumziko yasipungue masaa 24 mfululizo kila wiki. Sio nchi zote zimeuridhia, kwa hiyo nenda ofisi ya kazi iliyo karibu nawe uulize sheria ya kwenu inasemaje kuhusu kima cha chini na mapumziko.

Wakati huo, kama usiku huwa wanakuamsha ufanye kazi, anza kuandika kila wanapokuamsha, tarehe, saa, umeamka kufanya nini, umerudi kulala saa ngapi. Kwenye simu tu. Ukiwa na mwezi mzima wa hayo ndo uombe kikao, na simu uwe nayo mkononi.