Mtwara na Lindi: usilinganishe kwa idadi ya wagonjwa hospitalini

Kaka, umeuliza kama Mtwara kweli ina afya mbovu kuliko Lindi, kwa vile hospitali zake zinaandikisha wagonjwa wengi zaidi. Kwa kipimo hicho huwezi kujua. Chukua hospitali ya Ndanda: iko Masasi, mkoani Mtwara, lakini inapokea watu wa Nachingwea, ambayo ni wilaya ya mkoa wa Lindi. Mama wa Nachingwea akijifungulia Ndanda, anaandikwa kwenye rejesta ya MTUHA (vitabu vya takwimu vya vituo vya afya) ya pale pale, na hesabu inaangukia Mtwara. Tena zahanati yenye vipimo vya malaria na muuguzi anayejaza vitabu kwa uaminifu itaonekana ina malaria nyingi kuliko jirani iliyoishiwa vipimo. Hilo linaniuma, maana anayefanya kazi vizuri ndiye anayeonekana mbaya.

Afadhali utumie utafiti wa kaya, kama ule wa kitaifa wa afya na idadi ya watu (TDHS) wa 2022, uliowapima watoto wa chini ya miaka 5 damu, urefu na uzito. Hata huo, soma kipengele kimoja kimoja. Mtwara ilikuwa kati ya mikoa yenye malaria nyingi zaidi nchini. Iringa malaria karibu haikuwepo, ila zaidi ya nusu ya watoto wake walikuwa wamedumaa. Utasema mkoa upi una afya bora hapo?

Ukienda kwa mganga mkuu wa wilaya, omba takwimu kwa kata anakotoka mgonjwa. Hata ndani ya mkoa mmoja, Newala na Mtwara mjini hazifanani hata kidogo.