Mjamzito mwenye leukemia sugu: imatinibu niiache?

Pole na hongera, dada yangu wa Chumbageni. Umeuliza kama uache imatinibu, dawa yako ya leukemia (saratani ya damu), sasa kipimo kimeonyesha una mimba. Usiamue peke yako: nenda hospitali ya Bombo leo hii, waombe wawasiliane na daktari wako wa damu Muhimbili. Wiki 12 za mwanzo ndipo viungo vya mtoto vinaumbika, na dawa hiyo inaweza kuvidhuru. Ugonjwa ukiwa umetulia, mara nyingi madaktari huisimamisha na kupima damu mara kwa mara. Chembechembe nyeupe zikipanda, ipo sindano ya interferoni alfa, ambayo hupita kidogo mno kwenye kondo la nyuma. Ukirudia imatinibu baada ya kujifungua, hutanyonyesha. Linauma, najua. Dawa za mitishamba usiguse kabisa, hata akikuletea mama mkwe.