Ukienda Mamba, nunua mundu

Wengi wanaofika Marangu wana haraka na mlima Kilimanjaro. Wanalala, wanapanda, wanashuka, hao! Ushauri wangu: tenga siku moja uupe mlima mgongo, uende kwa wahunzi wa Mamba, hapo jirani tu. Kutoka Moshi mjini panda Hiace za Marangu zinazopitia Himo, shuka Marangu Mtoni, umalizie na bodaboda. Masika usijaribu. Udongo ule ukilowa utalipa nauli na pikipiki utaisukuma. Desemba nayo Wachagga wote wako nyumbani. Vyumba vya kulala ni vya kugombania.

Fika asubuhi, moto unapowashwa. Mvukutaji anakaa chini, mkono huku na mkono kule, kila mmoja na mfuko wake wa ngozi ya mbuzi. Huu ukishuka ule unapanda, na mkaa unang'aa mpaka huwezi kuutazama. Chuma siku hizi ni chakavu, mara nyingi springi ya gari. Utaonyeshwa mikuki kwanza, maana ndiyo wageni wanayoipenda. Mimi huomba mundu. Mkuki wa mgeni utaishia ukutani, hakuna atakayejua kama ni mzima. Mundu ndio wanaokatia majani ya ng'ombe wa zizini kila siku. Fundi akiufua vibaya, jirani yake atamrudishia kesho yake. Bei mpatane kabla chuma hakijaingia motoni, na picha uombe ruhusa kwanza.

Baada ya hapo, mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga. Usidhani utaagiza ukapikiwa: ndizi mbivu zikishachemshwa huachwa siku kadhaa zichachuke, ndipo zinachujwa na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Kwa hiyo muulize mwenyeji wako ni nani kapika wiki hii, uende huko huko. Ukipewa kata, mwache aliyekukaribisha aonje kwanza. Ndiyo heshima yenyewe. Ule uchungu wa mbali ni gome la msesewe. Chenga za ulezi usizimwage, meza tu, zinashibisha kuliko unavyofikiri. Inateleza kama uji, na hapo ndipo wageni wanapodanganyika. Kama wewe ndiye dereva, onja funda mbili urudishe kata.

Mundu wako uviringishe kwenye gazeti. Wa kupanda ndege uwanja wa Kilimanjaro (KIA) auweke kwenye begi la mizigo, la sivyo atauacha kwa wakaguzi.