Akwilejia fupi kwa bustani za Mwanza

Nililetewa mbegu za akwilejia fupi kutoka Uingereza. Nimezifukia kitaluni, mwezi na nusu sasa kimya. Zimeoza? (Mama, Buswelu)

Mama, kitalu usikivunje bado. Ua hili asili yake ni nchi za kaskazini zenye majira ya baridi, na mbegu yake hulala mpaka ionje ubaridi. Zilizobaki changanya na mchanga wenye unyevu, funga mfukoni, weka kwenye friji (si friza) wiki tatu hadi nne. Kisha zitawanye juu ya udongo bila kuzifukia, maana zinataka mwanga ili ziote. Ni nyeusi zinazong'aa kama za mchicha, kubwa kidogo tu.

Yangu imestawi, majani mazuri, mwaka wa pili haijatoa hata ua moja. Niongeze samadi? (Kaka, Nyegezi)

Hapana, kaka, samadi nyingi itazidisha majani tu. Friji iliamsha mbegu, lakini kuchanua ni suala jingine: aina nyingi, mmea ukishakomaa, hudai wiki kadhaa za baridi ya chini ya nyuzi 10. Usiku wa Mwanza haufiki huko, hata Julai. Napenda sana ua hili, ndiyo maana nakwambia ukweli mapema. Ukiwa na ndugu Njombe au Makete, mpelekee chungu kimoja kabla ya Juni.

Cha kwako kiweke kibarazani upande wa mashariki, kipate jua la asubuhi na kivuli mchana. Kisikae karibu na mawe yetu haya makubwa. Yanashika joto la mchana na kulitoa usiku kucha.

Ipi ni fupi kweli? (Dada, Capri Point)

Aquilegia flabellata ya Japani, aina zake fupi, huishia sentimita 20 hadi 30. Winky, aina nyingine ya akwilejia fupi, hufika kama 40. Mbegu za kuvuna mwenyewe usizitegemee, kwani akwilejia huchavushana ovyo na watoto hawafanani na mama.

Nina mtoto anayetambaa. (Mama, Igoma)

Weka juu asipofikia. Mbegu na mizizi vina sumu.

Basi nipande nini kifupi, chenye maua, kisichonisumbua? (Mzee, Kirumba)

Shikamoo mzee. Vinka fupi, inayovumilia jua na mchanga wetu, maji yasituame tu. Kwa penye kivuli kidogo, pentasi: ni mmea wa huku huku Afrika Mashariki, na vipepeo wanaufuata. Panda mvua za Oktoba zikianza, mizizi ishike kabla ya kiangazi cha Juni.