Shangwe za Skuli na Mstari wa Asubuhi

SWALI: Assalaamu alaykum, Mhariri. Mimi ni mwalimu katika skuli moja ya sekondari karibu na Chake Chake. Wanafunzi wangu wameona katika filamu jinsi skuli za Marekani zinavyowakusanya wanafunzi wote ukumbini kabla ya mechi, bendi ikapigwa na watu wakashangilia, nao wanaomba tufanye hivyo mstarini. Mwalimu mkuu anasema huo ni upuuzi wa kigeni. Je, mambo hayo yalianzaje, na yanatufaa? — Msomaji, Pemba.

JIBU: Waalaykumu salaam, Mwalimu. Ushangiliaji wa kupangwa ulianzia vyuoni, na mara nyingi huhesabiwa tangu tarehe 2 Novemba 1898, pale mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Johnny Campbell, aliposimama mbele ya watazamaji na kuwaongoza kupaza sauti kwa pamoja wakati timu yao ikicheza. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya wanaume, jambo ambalo filamu walizoziona wanafunzi wako hazilidokezi kabisa. Baadaye desturi ikashuka hadi sekondari, zikaongezeka rangi za skuli, mtu aliyevalia sura ya mnyama wa timu, na wiki ambayo wanafunzi wa zamani hurudi kutazama mechi.

Kuhusu ugeni, sikubaliani na mwalimu mkuu. Mtu mmoja kutoa na umati kuitikia ni jambo tulilokua nalo. Makunduchi, katika Mwaka Kogwa, watu wa pande mbili hupigana kwa migomba huku wanawake wakiimba; ngoma ya beni nayo ilijengwa juu ya ushindani wa vikundi, kila kimoja kikitaka kumpita mwenzake kwa mavazi na kwa tarumbeta. Nanyi Pemba mna mchezo wa ng'ombe, ambao bila ya nyimbo za pembeni ungepoa. Kilicho kigeni ni sare fupi za washangiliaji, na hizo hakuna aliyewalazimisha kuzichukua.

Hata hivyo, mstari wa asubuhi si mahali pake. Pale pana wimbo wa taifa, ukaguzi wa usafi na matangazo ya mwalimu wa zamu, na katika skuli nyingi ndipo pia wachelewaji wanapoadhibiwa mbele ya wenzao. Mtoto aliyetoka kuaibishwa hapo hawezi dakika tano baadaye kuombwa aipigie skuli yake vigelegele kwa moyo mkunjufu. (Binafsi ningeiondoa adhabu hiyo mstarini hata kama hakuna mechi.) Shangwe zitengewe saa yake, na ziwe na sababu: pambano la UMISSETA, yaani michezo ya skuli za sekondari Tanzania, au michezo ya Elimu Bila Malipo, ambayo hukumbuka tangazo la elimu ya bure Zanzibar la tarehe 23 Septemba 1964. Nyimbo watunge wanafunzi wenyewe, na mwalimu wa Kiswahili azipitie kabla hazijaimbwa, kwa kuwa kijembe cha mzaha hugeuka tusi upesi.

Jambo moja msiliachie vijana peke yao, nalo ni usalama. Katika Chuo Kikuu cha Texas A&M, wanafunzi walikuwa wakirundika magogo makubwa kila mwaka na kuyachoma kabla ya mechi na mahasimu wao; tarehe 18 Novemba 1999 rundo lile liliporomoka likiwa bado linajengwa, wakafa watu 12 na wengine 27 wakajeruhiwa. Kwenu hakutakuwa na magogo, lakini kutakuwa na gari lililojaa wanafunzi likielekea uwanja wa Gombani, wengine wakitaka kuning'inia mlangoni.

Kuhusu siku, Wamarekani hupenda Ijumaa, kwa kuwa mechi zao nyingi za sekondari huchezwa usiku wa siku hiyo. Kwenu Ijumaa ni ya sala na masomo humalizika mapema, kwa hiyo chagueni Alkhamisi, kipindi cha mwisho, chini ya kivuli.