Rubani Ametua Salama Songwe: Je, Kichwani Alibakiwa na Nafasi?

Marubani wawili wanaweza kutua Songwe asubuhi ileile ya ukungu, wote wakagusa lami panapotakiwa, lakini mmoja akawa bado ana uwezo wa kushughulikia taa ya onyo ikiwaka ghafla na mwenzake hana kabisa. Tofauti hiyo haionekani kwenye rekodi ya safari. Anayefundisha au kusimamia marubani huku Nyanda za Juu Kusini inambidi aipime yenyewe, na namsihi asianzie kwenye vifaa vya bei kubwa.

Anza na kipimo cha Bedford, kinachopima mzigo wa kazi kichwani mwa rubani. Ni ngazi ya 1 (mzigo mdogo kabisa) hadi 10 (kazi imemshinda) inayopandwa kwa maswali ya ndiyo au hapana: kazi iliwezekana kumalizika? Mzigo ulivumilika? Uliridhisha bila kupunguzwa? Kinachotafutwa ni nafasi iliyobaki kwa kazi ya ziada. Uliza kwa kila hatua peke yake: kuanza kushuka, kuukaribia uwanja, dakika za mwisho, na kughairi kutua kama kulitokea. Ukiomba alama moja ya safari nzima, saa tulivu za angani zitazimeza dakika nne ngumu ulizokuwa unazitafuta.

Ukitaka kujua mzigo unatoka wapi, tumia NASA-TLX, fomu ya kujipima mzigo wa kazi iliyochapishwa na Hart na Staveland mwaka 1988. Ina mizani sita: mahitaji ya akili, ya mwili, ya muda, ufanisi, juhudi na mfadhaiko, kila mmoja 0 hadi 100. Kosa linalojirudia ni kwenye ufanisi, kwa sababu mzani wake unaanzia "vizuri kabisa" na kuishia "vibaya kabisa". Rubani mwenye haraka hujipa 90 akidhani anajisifu, na wastani wote unaharibika. Mwelekezeni kabla ya safari. Tena, msiishie kwenye wastani. Someni mizani mmoja mmoja.

Huku kwetu mzani wa muda ndio wa kuutazama kwanza. Viwanja vya Songwe na Iringa viko zaidi ya futi 4,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila futi 1,000 mwendo halisi huzidi ule wa kwenye saa ya mwendo kwa takriban asilimia 2. Saa ikisoma noti 100 (maili 100 za baharini kwa saa), ndege inakwenda kama 108. Kwa mteremko wa nyuzi 3, bila upepo, hiyo ni kushuka futi 540 kwa dakika badala ya 500. Aliyezoea viwanja vya pwani anaona kila kitu kinamfikia mapema, asijue kwa nini.

Fomu zijazwe injini ikishazimwa, kabla mkufunzi hajatoa neno. Sifa au lawama moja tu hubadilisha alama. Rubani na rubani mwenza wajaze kila mmoja peke yake, na fomu zisiingie kwenye faili la ajira, la sivyo mtakusanya alama za 2 na 3 mpaka mchoke.

Msimwulize rubani chochote wakati wa kushuka. Marubani wengi wanaijua kanuni ya kutozungumza yasiyohusu safari chini ya futi 10,000, lakini hapa urefu huo unaacha chini ya futi 6,000 juu ya uwanja, na Mlima Rungwe wenyewe unaukaribia. Nyamazeni mapema zaidi. Majaribio ya kumwongezea rubani kazi ya pili yafanyike kwenye simuleta tu, yaani mtambo wa ardhini unaoiga ndege. Angani, sikilizeni redio: majibu yanayochelewa, au maagizo ya mnara yanayorudiwa nusu, ni dalili nzuri isiyomwongezea mtu kazi.

Mapigo ya moyo yanasaidia yakipimwa kwa mkanda wa kifuani. Saa ya mkononi hupoteza mapigo kwenye mtikisiko. Chukueni dakika 5 za rubani akiwa ameketi kimya kabla ya safari, kisha linganisheni na vipande vya dakika 5 vya angani, yeye kwa yeye. Kuongea hubadilisha pumzi, na pumzi hubadilisha nafasi kati ya pigo na pigo, kwa hiyo wekeni alama kila anapozungumza redioni. Kupima mboni za macho kuacheni: jua la juu ya mawingu huzibana kuliko mzigo unavyozipanua.

Hatua ikipata Bedford 7 au zaidi, hamisheni kazi. Masafa ya redio, maelezo ya kutua na mpango wa kughairi vimalizwe kabla ya kuanza kushuka, kisha mpime hatua hiyohiyo, rubani huyohuyo, hali ya hewa inayofanana.