Barua kwa mwanangu: maua ya harusi ya mfungo pili

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Picha za mpambaji zimefika, nimezitazama moja baada ya moja na bibi yako naye kazitazama. Umeniuliza mambo mawili: kwa harusi ya mfungo pili, yaani mwezi wa pili baada ya Ramadhani, uchukue peoni na haidrenjia za pichani au ubaki na mawaridi, na je, asumini zitapatikana, maana huko Nairobi umeambiwa masika huziharibu. Nitaanza na la asumini, ndilo lililoninyima usingizi.

Zitapatikana. Mimi niliolewa mfungo pili wa 1994, mwezi wa Aprili, masika yamekwisha ingia, na nilivaa asumini kutoka utosini mpaka kiunoni. Idd ya kumaliza Ramadhani mwaka ule ilikuwa katikati ya Machi. Mwakani, 2027, Idd inatarajiwa kiasi cha tarehe 10 Machi, mwandamo ukiamua, kwa hiyo mfungo pili wako utaanza wiki ya pili ya Aprili na kwisha mwanzoni mwa Mei. Ni msimu ule ule wangu. Mwaka wa mwezi unapungua siku 10 au 11 kwa mwaka wa jua, basi miezi yetu hurudi nyuma kidogo kidogo. Kwa miaka 33 hivi huwa imekwisha pita kaskazi, vuli na kusi, ikarejea tena masika. Mashoga zako wanaokwambia "mfungo pili asumini ni adimu" wanakumbuka harusi za karibuni. Wewe waulize harusi hizo zilikuwa mwaka gani.

Dada yako kaolewa mfungo pili huo huo, lakini wa 2017, mwisho wa Julai, siku chache kabla ya uchaguzi. Kusi imekaza, usiku una baridi, na mwasumini haupendi baridi. Ulikuwa ukitoa matumba machache, tena madogo. Tulizunguka nyua za Mji wa Kale na Kuze hapa Mombasa tukiokota hapa kidogo na pale kidogo, na bei tuliyotajiwa sitaki hata kuiandika. Koja lake likajazwa mawaridi katikati ili lionekane nene. Alipendeza, sikatai, lakini ukimkaribia huisikii ile harufu inayomtangulia bi harusi mlangoni.

Mwezi wa Aprili joto bado lipo na mti umekunywa maji, kwa hiyo matumba ni mengi. Tatizo la masika ni jingine. Asumini huchumwa alasiri, tumba likiwa jeupe na limefumba bado, likatungwa kabla ya magharibi, likafunguka lenyewe baada ya isha kwenye nywele zako. Mvua ikipiga mchana, tumba hulowa, na lililolowa likitungwa hivyo hivyo hugeuka rangi ya chai kabla wageni hawajamaliza pilau. Kwa hiyo fanya hivi: usitegemee ua mmoja wala mtungaji mmoja. Toa arubuni kwa watungaji wawili wanaochuma pande mbalimbali za mji, kwani mvua ya masika hapa kwetu inaweza kumwaga Kisauni na Nyali wakauke. Waambie matumba yaliyolowa yatandazwe kwanza juu ya kitambaa cha pamba mbele ya panga boi, ndipo yatungwe. Makoja yakishakuwa tayari yafungwe katika jani la mgomba au kitambaa chenye unyevu, yawekwe mahali penye ubaridi. Asiyatie mtu kwenye friza. Asumini iliyoganda hutoka nyeusi.

Na jambo ambalo wapambaji wa siku hizi hawalijui kabisa: asumini ni ua la usiku mmoja. Ukiitaka kwenye picha za saa nne asubuhi utapata matumba tu, bila harufu. Ukiibakiza mpaka kesho yake itakuwa imesinyaa na kupata rangi ya kahawia. Nikahi yenu ni baada ya alasiri na kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bi harusi, ni usiku, kwa hiyo asumini iende kwenye kupamba. Usiigawe.

Sasa hizo peoni. Ni maua mazuri, siwezi kusema uongo. Lakini peoni hutaka baridi kali ya miezi kadhaa ndipo itoe ua, na huchanua Ulaya katika majira yao ya kuchipua, mwezi wa nne, wa tano na wa sita. Picha ulizoletewa ni za harusi ya watu waliochukua kilichochanua kwao siku ile. Wamefanya sawa. Wewe ukizitaka Mombasa ni lazima zipande ndege, zishuke, zilale kwenye baridi, zisafiri tena, na zikifika kwenye joto letu zifunguke zote kwa mpigo na kumwaga majani yake sakafuni. Pesa hiyo ni ya godoro.

Haidrenjia ni afadhali kwa sababu hulimwa huku huku Kenya, nyanda za juu. Ila ni ua lenye kiu. Ukilichomeka kwenye ile sponji ya kijani ya wapambaji, saa mbili za joto la ukumbi zinatosha kuliinamisha kichwa. Kama umeipenda mno, iwekwe mezani kwenye vyombo vyenye maji hasa, karibu na kiyoyozi, na isikaribie jukwaa lenye mataa.

Mawaridi ndiyo utakayonunua kwa ajili ya jukwaa, na hapa una bahati. Naivasha huvuna mawaridi mwaka mzima, lakini bei haikai mahali pamoja, maana wenye kuipandisha wako mbali. Mwezi wa pili kila kitu chekundu huenda Ulaya kwa ajili ya tarehe 14, siku ya wapendanao, mengine kwa ndege mpaka mnada wa Aalsmeer kule Uholanzi, na sisi wa hapa hubakiwa na yaliyopinda. Mwezi wa tatu Waingereza wana siku yao ya mama. Jumapili ya pili ya Mei ni siku ya mama ya nchi nyingine nyingi. Katikati ya Aprili ni pengo baina ya haraka hizo. Harusi ikiwa wiki ya tatu ya Aprili, utapata mawaridi mazuri bila kugombana na mtu. Mkiisogeza mpaka wiki ya kwanza ya Mei, kama mjomba wako anavyotaka kwa sababu ya likizo yake, bei itakuwa imeanza kupanda tena, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa Mombasa. Mwambie mjomba kwa adabu kwamba likizo inaweza kuombwa upya.

Kasoro ya mawaridi ya Aprili ni unyevu. Kule juu nako kunanyesha, na ua lililofungwa likiwa na maji ndani huota ukungu wa kijivu safarini. Rangi nyeupe na ile ya maziwa huonyesha kila doa. Ya pichi na nyekundu iliyoiva huficha. Kwa hiyo mimi ningechagua pichi kwa jukwaa, nyeupe tukaiachia asumini. Yaje na basi la usiku siku mbili kabla, yakiwa yamefumba vizuri, maana joto letu litayafungua lenyewe. Yakifika, sanduku lifunguliwe pale pale, yatolewe majani ya chini, vikonyo vikatwe mshazari, yatiwe kwenye ndoo safi za maji na kulazwa chumba chenye kiyoyozi. Yale majani ya nje ya ua yaliyochubuka yang'olewe asubuhi ya harusi. Ndani ua liko salama. Kazi hii wape binamu zako, wataifanya wakicheka. Mpambaji ana kumbi mbili siku hiyo, hatakuwa na wakati.

Jipsofila, hayo maua madogo meupe kama povu, yanastahimili joto na bei yake si kali. Lakini nusa ukumbi uliofungwa uliojaa jipsofila ndipo utanielewa. Kidogo kidogo tu.

Ulitaka pia upinde wa bogenvilia mlangoni. Mwezi wa pili, jua likiwa kali na udongo umekauka, bogenvilia ya uani kwetu huwa haina hata jani, rangi tupu. Mvua zikianza hugeukia majani. Aprili utapata upinde wa kijani wenye miiba, na baibui za wageni zitanasa. Badala yake watafute mafundi wa Kilifi wasuke makuti mabichi ya mnazi, yale machanga ya rangi ya njano. Hayo mvua haiyafanyi kitu.

Kwa kitanda na vikuba, yale mafungu madogo ya maua ya kunukia ya kuvaa, usiyatumie mawaridi ya Naivasha. Yana sura, harufu hayana. Chukua waridi letu dogo la kienyeji, lile la rangi ya waridi hafifu linalomwaga majani ukiligusa, ukachanganya na asumini na rihani. Rihani ya masika ni tele, utaipata hata kwa jirani. Mkadi, ule wenye ua la kunukia, bibi yako atautafuta mwenyewe. Amesema kikuba kisicho mkadi yeye hakivai, na unamjua.

Nijibu kabla ya Ijumaa, ili nipeleke arubuni: ukumbi mliopata una viyoyozi vinavyofanya kazi umeme ukipotea, au ni mapanga boi tu? Kama ni mapanga boi, haidrenjia zifutwe na mawaridi yapunguzwe nusu. Na muulize mchumba wako polepole kuhusu mama yake. Siku ya posa alipiga chafya tangu alipoingia mpaka alipotoka, nami nilikuwa nimepamba sebule kwa langilangi. Kama maua yenye harufu humdhuru, tumweke safu ya mbele upande wa mlango, mbali na jukwaa, tuseme ndio upande wa heshima.

Mamako